Sketi ya Zélie

Honorine Vasseur alikuwa amezamisha mikono hadi viwiko kwenye beseni la maji ya shabu, akiikanda sketi ya shashi kama mtu anayekanda unga wa mkate, Bertille alipoingia bila kubisha.

"Kaa kwanza," Bertille alisema huku akihema. Yeye ndiye aliyewavisha wacheza baleti kule ukumbini, na ngazi za ghorofa tano zilikuwa zimemmaliza.

"Sina nafasi ya kukaa. Sema."

"Wamemchagua binti yako Léocadie. Jumapili mchana anacheza mbele, peke yake. Nafasi ya Zélie."

Honorine hakufurahi, wala hakujifanya. Zélie alikufa mwezi wa Oktoba. Sketi yake ilipita juu ya taa za gesi zilizopangwa mbele ya jukwaa, akawaka mbele ya watu elfu moja, nao mwanzoni wakapiga makofi. Sketi hiyo ilishonwa na Honorine. Wacheza baleti wote waliichukia shabu. Inazuia moto, sawa, lakini inafanya shashi iwe ngumu na ya njano kama meno ya mvuta tumbaku. Zélie alikuja kumbembeleza, "Mama Vasseur, nifanye niwe mweupe kama moshi," na Honorine, aliyekuwa na sketi ishirini nyingine za kumaliza, akaichovya kwenye wanga mtupu.

"Umeunguza kitu?" Bertille aliuliza akinusa. "Kuna harufu ya nguo."

"Jiko halijawashwa tangu asubuhi."

Wakatazamana.

Usiku huo sketi ya Léocadie ilitundikwa kwenye msumari, ikichuruzika. Asubuhi ilikuwa nyeupe, laini, nyepesi kama pumzi. Chini yake, sakafuni, shabu yote ilikuwa imerundikana kama chumvi iliyomwagwa.

"Nani kaisuuza?" Honorine aliuliza.

"Usinitazame mimi," alisema mama mkwe wake, Perpétue, kutoka kitini. "Kwa magoti haya? Hata beseni lenyewe siliwezi."

Léocadie, miaka kumi na saba, tayari alikuwa ameishikiza kiunoni. "Mama, iache hivi hivi. Nikitoka na ile ya njano watanicheka. Watasema kuku kamwagiwa supu."

"Kuku aliye hai. Lete hapa."

Akaichovya tena. Alhamisi, yale yale: sketi nyeupe, chumvi chini. Akaichovya mara ya tatu.

Ijumaa saa kumi na moja jioni, giza la Desemba likiwa limeshafunika dirisha, Honorine alisikia ncha za viatu zikigonga mbao, tik, tik, tik, taratibu kama mtu anayepasha miguu joto. Akainua macho. Harufu ya nguo iliyoungua ikaja, ikajaa chumba, ikamshika kooni, na pale msumarini sketi ikaanza kujaa kana kwamba kuna kiuno ndani yake, ikashuka yenyewe, ikazunguka polepole huku punje za shabu zikiruka kutoka kwenye pindo lake na kudondoka sakafuni, ikazunguka hadi mbele ya Léocadie, naye msichana akasimama juu ya ncha za vidole bila viatu, macho yamemtoka, mikono wazi kama anayetaka kukumbatia, akafungua kinywa na kusema kwa sauti isiyokuwa yake:

"Mama Vasseur, nifanye niwe mweupe kama moshi."

"Yesu wangu," Perpétue alinong'ona. "Mwanangu, mwite padri. Huyo mzuka anamtaka mtoto!"

"Padri hajui kushona," Honorine alijibu.

Alikwenda. Alimshika binti yake kwa msuko, akamkalisha chini kwa nguvu, kisha akaikamata ile sketi hewani. Ilikuwa ya moto. Hakuiachia.

"Zélie, nisikilize. Ulinibembeleza nikakubali, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Kosa ni langu, nalibeba. Lakini huyu humpati. Umekuja kuchukua sketi? Nitakushonea. Tena nikuambie mapema, hapa kwangu ni shabu kwa kila mtu, aliye hai na aliyekufa!"

Akaitumbukiza kwenye beseni. Maji yakachemka mara moja, yakatulia. Léocadie akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe.

Jumamosi kutwa Honorine alishona. Hakuhitaji vipimo vya Zélie, mikono yake ilikuwa bado inavijua. Aliichovya sketi hiyo mpya mara mbili, akaitundika kando ya ile ya Léocadie. Jumapili asubuhi zote mbili zilikuwa za njano, ngumu kama samaki mkavu.

Mchana watu walicheka kama ilivyotabiriwa. "Nani kammwagia chai?" mmoja alipaza sauti kutoka viti vya mbele. Léocadie aliinua kidevu, akacheza. Alipozunguka mara ya mwisho pindo lilipita juu ya taa. Moto ukauma, ukaacha doa jeusi lenye ukubwa wa kifungo, ukafa. Ukumbini hakuna aliyeona.

"Umeona?" Bertille alinong'ona pembeni mwa jukwaa, kucha zake zimezama mkononi mwa Honorine.

"Nimeona. Twende tukale."

Nyumbani, msumari wa pili ulikuwa mtupu. Kutoka chini yake matone ya maji ya shabu yalikuwa yamepanga safu hadi mlangoni, madogo, mawili mawili, kama alama za mtu anayetembea kwa ncha za vidole. Yaliendelea nje, yakashuka ngazi.

Perpétue alijipiga ishara ya msalaba. "Atarudi?"

"Akirudi atakuta beseni limejaa."

Honorine alifunga mlango, akaweka sufuria ya supu ya viazi mezani, akawahesabu kwa ncha ya upawa. Perpétue. Léocadie, anamega mkate. Bertille. Na yeye mwenyewe. Wanne. Alihesabu tena, polepole, akitazama na viti.

Wanne.

"Haya, kuleni kabla haijapoa."