Mzee wa Nyumba ya Fundi

Fundi wa cherehani alikuwa anakamua shuka uani, maji yanamchuruzika hadi viwikoni, jirani yake alipochungulia juu ya ukuta bila hata hodi.

"Mwenzangu, yule kibaka wa kukata nondo za madirisha amekamatwa."

"Afadhali. Wamemkamatia wapi?"

"Mlangoni kwako."

Shuka ilibaki inaning'inia mkononi.

"Walinzi wa mtaa wamemkuta alfajiri kizingitini, ninyi mmelala, mikono kichwani, amejikojolea. Wanamwambia simama twende, anakataa. Eti mpaka mzee wa nyumba amruhusu." Jirani akacheka. "Sisi twajua wewe mjane, kumbe shemeji unamla peke yako."

Fundi naye akacheka, kwa kuwa alikuwa anatazamwa.

Mtaa ule ulikuwa umechoka. Wezi walianza na nguo za kwenye kamba, wakaja kwenye mitungi ya gesi, mwishowe wakawa wanaingia watu wamo ndani. Polisi walikuja, wakauliza, wakaondoka. Kila nyumba ikajilinda ilivyoweza. Wenye nacho walipandisha kuta; wasio nacho walifuga mbwa na kuwanyima chakula ili wawe wakali. Kwa fundi hapakuwa na mwanamume tangu mumewe azikwe. Walibaki yeye, mama mkwe wake, binti mkubwa aliyeajiriwa duka la dawa, na kitinda mimba ambaye bado alikuwa anang'oka meno.

Basi alifanya kama wajane wenzake wa mtaa ule. Alinunua viatu vya mtumba vya mwanamume, vikubwa kama mitumbwi, akaviweka mlangoni. Kila jioni wakati wa kufunga nyumba akapaza sauti ili wapita njia wasikie: "Mzee, umefunga huko nyuma?" Wajane wengine waliita majina ya marehemu waume zao. Yeye siku ya kwanza alimwona mama mkwe akiinamisha uso, akaona si haki kumwamsha mtoto wa mwenzake kaburini aje kukagua komeo. Ndiyo maana akasema Mzee, basi.

Jirani alipoondoka, fundi alikwenda mlangoni akaviinua vile viatu. Soli zilikuwa na tope bichi. Akaingiza mkono ndani. Vilikuwa na joto, kama vimevuliwa sasa hivi.

"Nilitaka kukwambia," mama mkwe alisema nyuma yake, kwa sauti ya chini. "Ukishaita jioni, huko nyuma mtu anakohoa. Mwanzo nilidhani ni mwanangu. Nikafurahi, Mungu anisamehe."

"Na sasa, mama?"

"Mwanangu alikuwa anakohoa kama watu. Huyu anajifunza kukohoa."

Jioni hiyo fundi hakuita. Alifunga madirisha kimya kimya, akashusha mapazia, akakaa na watoto na bibi yao chumba kimoja, taa inawaka, na kwa kitambo hapakuwa na kitu isipokuwa mbwa wa mtaani, kisha mbwa nao wakanyamaza mmoja baada ya mwingine, kutoka mbali kuja karibu, kama mtu anayepita akiwaziba midomo, na chini ya mlango ikaingia harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi na chuma kilicholowa, ikatambaa sakafuni, ikapanda kwenye godoro, na huko nyuma, ambako hapakuwa na mtu, komeo likasukumwa polepole mpaka mwisho.

"Nimefunga," ikasema sauti.

Kitinda mimba akamvuta mama yake nguo. "Mama, anauliza mbona leo hujamwita."

Kesho yake akaletwa mganga, mama mtu mzima mwenye mafua, aliyezunguka nyumba akipenga kamasi zaidi ya alivyosema.

"Umeita mtu asiye na jina," alisema mwishowe. "Wasio na majina huko nje ni wengi. Mmoja alikuwa anatafuta nyumba."

"Ana ubaya gani?"

"Bado hana. Uliita mlinzi, analinda. Nikimtoa atatoka, kwa sababu aliitwa kwa uongo. Lakini ukimwita tena huku unamjua, hiyo ni ndoa. Mimi mambo ya ndoa za watu siingilii."

Viatu vikachomwa moto. Maji ya dua yakanyunyizwa pembe zote, na yalipofika mlango wa nyuma pazia likavimba, likawalalia kama bega la mtu anayepita mahali pembamba, kisha likarudi. Nyumba ikawa nyepesi. Wakalala usingizi wa watu waliotua mzigo.

Haukupita muda, mtungi wa gesi ukaibwa. Kisha nondo ya dirisha la binti ikakutwa imekatwa nusu, kazi iliyoachwa imaliziwe siku nyingine. Fundi aliifunga kwa waya, akarudi kwenye cherehani yake. Angefanya nini?

Kisha ikaja jioni ambayo binti alichelewa. Jua lilikuwa limezama, wali uko tayari, simu yake haipatikani. Jirani akachungulia ukutani, safari hii hacheki.

"Mwanao kafika? Wale vijana wanaopora pale kona wamerudi. Wamempiga panga muuguzi, wakamburuta."

Fundi alipiga simu kituoni. Wakamwambia gari halina mafuta. Akashika mtandio atoke, mama mkwe akamshika mkono.

"Ukienda watakuwa wamepata wawili."

Alisimama hapo, mkono mmoja umeshikwa na mkwewe na mwingine umekumbatiwa na mtoto, akawaza mganga na maneno yake, akawaza kona ile isiyo na taa, akawaza miaka aliyomlea yule binti kwa sindano na uzi, na akaona kwamba amechoka, amechoka kuogopa watu na kuogopa visivyo watu, na kwamba kati ya vyote viwili ni kimoja tu kilichowahi kumsaidia, basi akajinasua taratibu, akaenda hadi mlango wa nyuma, akaufungua wazi kwenye giza.

"Mzee," alisema, bila kupaza sauti. "Nakuita na ninakujua. Kamlete mtoto."

Gizani mtu akakohoa. Kilikuwa kikohozi kizuri, cha mwanamume wa makamo. Alikuwa amekwisha jifunza.

Binti aliingia kwa mlango wa mbele, mkoba begani, uso umempauka.

"Walinizunguka, mama. Mmoja alishanishika nywele. Halafu wakatazama nyuma yangu, wakaniachia. Yule mwenye panga akasema, shikamoo, mzee."

"Uligeuka?"

"Sikuweza. Aliniambia, tembea, mwanangu. Amenifuata mpaka hapa."

Fundi alifunga mlango wa mbele, akatandika mkeka, akapakua wali na maharage. Mama mkwe, yupo. Binti, yupo. Kitinda mimba, yupo, anapiga miayo. Kisha akajaza sahani kubwa kuliko zote, akaiweka juu ya mkeka, upande wa mwenye nyumba.

Mama mkwe aliitazama. Akavuta mtandio ukamfunika nywele, kama afanyavyo mbele ya mwanamume ambaye hakumzaa, akasogea kumpisha.

"Kuleni," fundi alisema. "Tumetimia."