Sentensi Niliyomwongezea Baba

Kila Jumamosi asubuhi nilikuwa maktaba, kwenye kompyuta ya tatu, ile iliyong'oka kitufe. Mkutubi alitufundisha kuandika katika ensaiklopidia ya mtandaoni, ambayo waandishi wake hujitolea bila malipo. "Kila sentensi iwe na chanzo," alizoea kusema. "Bila chanzo ni umbea tu." Mimi ndiye niliyeandika ukurasa wa shule yetu. Wenzangu wakanibandika jina la Profesa, nami nikavimba kichwa.

Baba yangu, dereva wa lori, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nilimkumbuka mno. Siku moja, nilipofika kwenye habari ya bweni letu lililoungua, nikaandika kwamba yeye ndiye aliyewatoa watoto sita motoni. Uongo mtupu! Aliyewatoa ni bibi mpishi wa shule, na mikono yake ina makovu mpaka leo. Mwandishi mmoja wa gazeti akasoma ukurasa ule, akainakili sentensi yangu bila kumuuliza mtu. Mkutubi aliponidai chanzo, nikamwekea lile gazeti. Akaridhika.

Baadaye mimi na mkutubi tukaalikwa kwenye televisheni, mahojiano ya moja kwa moja. Taa zilikuwa kali.

"Ikiwa yeyote anaweza kuandika, uongo mnauzuiaje?" mtangazaji aliuliza.

"Tunakaguana," mkutubi akajibu. "Na tunadai chanzo."

Mtangazaji akanigeukia. "Haya, Profesa! Kumbe baba yako ndiye shujaa wa moto ule. Hebu tusimulie."

Asubuhi ile bibi mpishi alikuwa ameniambia, "Nitakutazama, mjukuu wangu."

"Si kweli," nikasema. "Niliandika uongo. Aliyewatoa ni bibi mpishi, na gazeti lilinakili kwangu."

Mkutubi aliinamisha kichwa, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Jioni hiyo tuliurekebisha ukurasa. Kesho yake gazeti likaomba radhi, nami nikaenda jikoni kutaka msamaha. Bibi mpishi hakuacha kumenya viazi.

"Mjukuu wangu wa nyumbani alisoma gazeti, akaniita mwongo," alisema. "Nikamwonyesha mikono hii. Akaniambia, 'Bibi, mbona imeandikwa?'"

"Nisamehe, bibi."

"Nimeshakusamehe. Lakini siku ile baba yako alitukimbiza hospitali kwa lori lake, mimi na wale watoto. Angechelewa kidogo, wawili tungewazika. Hilo hukulijua?"

"Nililijua," nikasema, machozi yakinitoka. "Nililiona dogo."

Akaweka kisu chini, akanitazama kwa huzuni.

"Dogo! Na sasa ukiliandika, nani atakusadiki? Uongo haumwongezei mtu sifa, mjukuu wangu. Humnyang'anya hata ile aliyoitolea jasho."