Tawi la Mama Mdogo Halikuonekana Ukutani

"Umemfuta mama yangu!"

Mdogo wangu wa kike alinipigia kelele hizo mbele ya ukoo mzima. Watoto waliokuwa wakikimbizana ukumbini wakasimama.

Jamani... nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Haya ni ya Jumamosi iliyopita tu, wapendwa. Nawaandikia huku uso bado unaniwaka.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Mama aliyenizaa alifariki nikiwa hata kutembea sijui, baba akaoa tena. Huyo mke wa pili, mama mdogo, ndiye aliyenilea. Huyu mdogo wangu ndiye bintiye.

Baba alipostaafu, alisema hataki zawadi.

"Nataka niuone ukoo wangu wote ukutani. Wewe si ndiye mtaalamu?"

Nikavimba kichwa! Nikatengeneza programu ya mti wa ukoo. Ukibonyeza "hifadhi", mti wote unageuzwa kuwa maandishi ndani ya faili. Ukifungua tena, programu inayasoma yale maandishi na kuujenga mti upya, tawi kwa tawi.

Ijumaa mdogo wangu akaja kwangu kunitajia upande wa mama yake. Mama mdogo, bibi, wajomba, na yeye mwenyewe, wote wakatokea kwenye skrini.

"Kaka, mama atalia kwa furaha!"

Nikasevu. Akaondoka anacheka.

Jumamosi ukumbi ukafurika. Mama mdogo mstari wa mbele, gauni jipya, kitambaa cha kufutia machozi tayari mkononi. Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, akachomeka waya wa projekta kwenye laptopu yangu.

Nikafungua mti...

Baba yupo. Marehemu mama yupo. Mimi nipo.

Upande wa mama mdogo, peupe! Kama vile hajawahi kukanyaga nyumba ile.

Ndipo mdogo wangu alipopiga kelele.

Na mimi, badala ya kuinamisha kichwa, nikamgeukia shemeji.

"Umechezea mashine yangu!"

"Shemeji, mimi nimechomeka waya tu."

"Muongo! Jana kila kitu kilikuwepo!"

Nikamkunja shati. Mtu mzima na ndevu zangu! Kisha nikayafungua maandishi ya programu yenyewe, yale niliyoyaandika kuiongoza, palepale ukutani, nimuumbue mbele za watu.

Nikasoma mstari wa kwanza, wa pili...

Nikaufikia mstari wa kuhifadhi.

Niwaeleze. Nilitumia zile lugha za programu zinazoitwa za kifankisheni. Humo kitu kikishatengenezwa hakibadiliki. Ukiongeza tawi, mti wa zamani unabaki vilevile, nawe unapewa mti mwingine mpya wenye lile tawi.

Skrini ilikuwa inatuonyesha mti mpya. Lakini mstari wa kuhifadhi, nilioandika kwa mkono wangu, ulikuwa unahifadhi ule wa zamani, wenye upande wa baba na wa marehemu mama tu, niliouandika ndani ya programu tangu mwanzo!

Programu ilipozimwa, mti mpya ukapotea nayo.

"Ni mimi," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mgonjwa. "Shemeji, nisamehe. Nimekosea mimi."

Akanyoosha shati lake.

Mdogo wangu akanisogelea. Sasa hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Kaka, baada ya mimi kuondoka jana, uliifungua tena kuijaribu?"

"Niliijaribu."

"Ikafunguka?"

"Ikafunguka vizuri."

"Ulimtafuta nani?"

Wapendwa...

Nilimtafuta marehemu mama yangu. Nilipoona jina lake nikasema safi, nikafunika laptopu, nikalala. Aliyenibeba mgongoni nikiumwa homa, sikukumbuka hata kumchungulia.

Kosa la programu lingempata yeyote. Hili lilikuwa la moyo wangu.

"Mwacheni mwanangu!" Mama mdogo alikuwa ameshasimama. "Mashine imekosea, basi. Nani hajawahi kukosea?"

Bora angenizaba kibao!

Akavuta kiti, akakaa kando yangu.

"Andika, baba. Nitakutajia mwenyewe."

Nikarekebisha neno moja tu. Akataja, nikaandika, huku machozi yakidondokea vitufe. Nikasevu, nikazima, nikafungua. Wote wakatokea. Watu wakapiga makofi, lakini mdogo wangu alikuwa ameshatoka nje.

Mpaka leo hapokei simu zangu. Simlaumu.

Ndugu msomaji, mtu aliyekutunza siku zote ni rahisi kudhani yupo tu. Usiseme umehakikisha mambo yako sawa kama uliangalia wa kwako peke yao. Na ukitaka kumnyooshea mtu kidole mbele za watu, kwanza kasome ulichoandika mwenyewe.

Mimi nimesoma. Ukuta mzima ulikuwa unaonyesha moyo wangu.