Maji Aliyopewa Raya

Kila alasiri Sabra alipotoka shule, alisikia kilio cha Raya kabla hajaiona nyumba yao. Nyumba ilikuwa Bigwa, Morogoro, pale milima ya Uluguru inapoanza kupanda, na sauti ya kile kichanga iliteremka hadi kwenye migomba ya jirani. Sabra alisimama hapo kwanza, akashusha pumzi, ndipo akapanda huku amekunja uso.

"Haya tena," alijisemea Jumatatu hiyo.

Sabra alikuwa na miaka kumi na mitatu, naye alisoma darasa la saba. Raya alikuwa na wiki mbili tu duniani. Alikuwa mtoto wa dada yake, Mosi, aliyerudi kwao kujifungua uzazi wake wa kwanza mikononi mwa mama yake. Mansuri, mume wa Mosi, alibaki Dakawa kwenye mashamba ya mpunga. Kabla mtoto hajazaliwa, Sabra alizihesabu siku kwa hamu. Alidhani watoto wachanga kazi yao ni kulala na kunukia poda. Hakuna aliyemwambia kwamba wanaweza kulia kutwa nzima mpaka ukatamani kuziba masikio kwa udongo.

Mama yao aliondoka kila siku alfajiri kupeleka ndizi na magimbi sokoni mjini, akarudi jioni. Kwa hiyo kuanzia saa tisa Sabra ndiye aliyefua vitambaa vya mtoto, akachota maji, akabembeleza. Na wiki hiyo ndiyo ilikuwa ya mtihani wa majaribio! Mwalimu Amosi alikwisha kumkuta mara mbili amelalia daftari la hisabati.

"Sabra, mtihani hautakusubiri wewe uamke," alimwambia mbele ya darasa, na wenzake wakacheka.

Sabra alipoingia ndani alimkuta dada yake ameketi ukingoni mwa kitanda, macho mekundu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nishikie huyu nikaoge. Tangu asubuhi hajaniachia, na bado analia."

Chuchu za Mosi zilikuwa zimechanika. Kila Raya alipoanza kunyonya, Mosi aliuma pindo la khanga asipige kelele. Ushauri haukukosekana. Mmoja alisema ale karanga kwa wingi, mwingine akasema karanga asiziguse kabisa. Mama yake alimwambia, "Sote tulinyonyesha, mwanangu. Vumilia." Mosi alivumilia, na mtoto akaendelea kulia.

Mama Alois, jirani yao, alichungulia dirishani akipita na kuni zake. "Mtoto ana kiu huyo! Maziwa yako mepesi, Mosi. Mpe maji. Mie wangu wote niliwapa maji tangu wiki ya kwanza."

"Nesi alisema asipewe kitu chochote ila maziwa yangu, mpaka afikishe miezi sita," Mosi alijibu kwa uchovu.

"Nesi haishi hapa akasikia kelele hizi," alisema Mama Alois, akaenda zake.

Mosi alipokwenda bafuni, Sabra alimpakata Raya huku kitabu cha hisabati kimefunguliwa kitandani. Akamtikisa, akamwimbia, akamzungusha chumba kizima. Raya alizidi kulia hadi akawa mwekundu. Sabra alihisi machozi ya hasira yakimlengalenga. Maneno ya Mama Alois yalimjia. Kijiko kimoja tu kitadhuru nini?

Alichota maji kwenye ndoo, akatia sukari, akakoroga. Yalikuwa maji ya bomba, na masika ile bomba lilitoa maji yenye rangi ya chai; nayo hayakuwa yamechemshwa. Akamdondoshea mtoto kijiko kimoja, kisha cha pili. Raya alilamba, akanyamaza, akasinzia. Sabra alifanya hesabu kumi na mbili bila kusumbuliwa.

"Umemfanyaje?" Mosi aliuliza kwa mshangao aliporudi.

"Nimembembeleza tu."

"Una mkono mzuri, mdogo wangu. Ahsante sana."

Sabra aliinamia daftari. Sifa ile haikumkaa vizuri rohoni, lakini ukimya ulikuwa mtamu. Jumanne alifanya vilevile. Jumatano na Alhamisi pia, na vijiko vikaongezeka. Raya alizidi kulala na kupunguza kunyonya, na Mosi akaanza kulalamika kwamba maziwa yake yanapungua.

Ijumaa mtihani ulipokwisha, Sabra alipanda kilima na hakusikia kilio chochote. Mwanzoni alifurahi. Kisha akaona mlango uko wazi na Mosi amesimama katikati ya chumba, mtoto kifuani.

"Ameharisha tangu asubuhi," Mosi alisema, sauti ikitetemeka. "Maji matupu. Na sasa ananyonya kidogo tu, anaacha. Nimempigia mama simu, anakuja. Sabra, maziwa yangu yamemdhuru mwanangu!"

Midomo ya Raya ilikuwa imekauka. Hata kulia hakulia. Alinung'unika tu kama paka mgonjwa. Sabra alifungua mdomo ili aseme, akaufunga.

Mama alifika na bajaji, wakaenda moja kwa moja kituo cha afya. Tabibu alimpima Raya joto, akagusa utosi wake, akaifinya ngozi ya tumbo kuona inarudi upesi au la. Kisha nesi mmoja aliyeitwa Veronika alimweka kwenye mizani. Uzito ulikuwa chini ya ule wa siku aliyozaliwa.

"Amepungukiwa maji mwilini," alisema tabibu. "Atatibiwa na atalala hapa tumwangalie. Mmefanya vyema kumleta leo. Mngengoja kesho, tungeongea mengine. Mmempa kitu chochote zaidi ya maziwa ya mama?"

"Hapana," alisema Mosi. "Ni maziwa yangu. Mepesi. Mabaya. Kila mtu ananiambia." Akaanza kulia kwa kwikwi. "Mama gani mimi, maziwa yangu mwenyewe yanamuua mwanangu?"

Sabra alimwona dada yake akijigongagonga kifua kwa ngumi, akashindwa kuvumilia.

"Dada, si maziwa yako. Ni mimi. Nilimpa maji ya sukari. Kutoka kwenye ndoo. Siku nne."

Mama aliinua mkono, lakini Nesi Veronika akaudaka. "Mama, subiri. Huyu mtoto ametusaidia. Sasa tunajua tunatibu nini."

Mosi hakuinua mkono. Alimtazama Sabra kana kwamba hamjui. "Siku nne nakushukuru," alisema polepole. "Siku nne!" Kisha akampa mgongo. Sabra aliona afadhali angepigwa.

Raya alipokwisha kutibiwa na kuchangamka kidogo, Nesi Veronika alivuta stuli akaketi mbele ya Mosi. "Maji tumeyajua. Lakini kabla ya maji mtoto alikuwa analia. Nataka kujua kwa nini. Mnyonyeshe nikuone."

Mosi alimsogeza mtoto, akakunja uso kwa maumivu. Nesi akatikisa kichwa. "Ananing'inia kwenye chuchu tu. Hivyo wewe utachanika naye hatashiba. Ukisikia maumivu makali, usivumilie. Ingiza kidole pembeni mwa mdomo wake, mtoe, uanze upya. Mgeuze, tumbo lake liguse tumbo lako. Mguse mdomo kwa chuchu, ungoje. Akipanua mdomo kama anayepiga mwayo, mlete kwako upesi. Kidevu kiguse ziwa."

Mara ya kwanza Raya aligeuza uso. Mara ya pili Mosi alipiga ukelele, akamtoa. "Siwezi, nesi! Wenzangu wote wanaweza, mimi siwezi!"

"Nani alikuambia wanaweza bila kufundishwa? Tena."

Mara ya nne Raya alipanua mdomo, akaingiza na ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu. Mashavu yake yakajaa. Wote wakasikia akimeza: gulu, kimya kidogo, gulu.

"Hainiumi," alinong'ona Mosi, kama asiyeamini.

"Hakuna maziwa mepesi mabaya," alisema Nesi Veronika. "Yale ya mwanzo yanaonekana mepesi kwa sababu ndiyo yanayokata kiu. Ndani yake mna maji ya kumtosha, hata kwenye joto letu hili la Morogoro. Muache amalize ziwa moja, ndipo umpe la pili. Anyonye kila anapotaka, usiku na mchana. Kadiri anavyonyonya ndivyo maziwa yanavyozidi. Ukimjaza maji tumbo lake dogo, hanyonyi, na maziwa yanapungua. Akikojoa mara sita au zaidi kwa siku na uzito ukapanda, jua ameshiba."

Mama alikuwa ameegemea ukuta. "Nimezaa watatu," alisema taratibu, "na mwanangu nilimwambia avumilie."

Kesho yake Mansuri alifika kutoka Dakawa, kopo la maziwa ya unga mkononi. Nesi alimweleza kwamba kwa mtoto huyu halihitajiki. Mansuri akakuna kichwa. "Sasa mimi nifanye nini? Maziwa sina."

"Mikono unayo," nesi alimjibu. "Pika, fua, mbebe mtoto acheue. Mama akipumzika na akala vizuri, atanyonyesha vizuri."

Mansuri aliomba ruhusa ya wiki moja kazini, na Raya aliporuhusiwa wakarudi wote Bigwa. Ugali wake wa kwanza ulikuwa na mabuja ya unga mbichi, lakini waliula.

Kwa Sabra wiki hiyo ilikuwa ndefu. Matokeo ya hisabati yalikuja mabaya, pamoja na maji yote yale. Nyumbani, Mosi alimjibu kwa neno moja moja na hakumpa mtoto kumshika. Siku ya tano Sabra alimwendea dada yake, aliyekuwa mkekani akikunja vitambaa.

"Dada, niwie radhi. Nilikuona unalia nami nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma zaidi."

Mosi alikunja kitambaa kimoja, akakunja na kingine. "Nilikuamini, Sabra," alisema mwishowe. "Itachukua muda." Lakini akasogea kidogo mkekani ili mdogo wake apate mahali pa kukaa.

Jumamosi walirudi wote kituoni. Nesi Veronika alisoma mizani mara mbili. "Gramu mia mbili na sitini zimeongezeka! Huyu sasa amepita uzito aliozaliwa nao." Mansuri alipiga makofi mpaka akina mama waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Chuchu za Mosi zilikuwa zimeanza kupona, na Raya akalala mapajani mwake huku tone la maziwa limemganda mdomoni.

Wakati wa kurudi, mama alitembea nyuma na Sabra.

"Mwanangu," alisema, "kuchoka si kosa. Ungeniambia, 'Mama, nimeshindwa,' ningerudi mapema sokoni, au ningeongea na mwalimu wako. Wewe ulificha kwamba umeshindwa, kisha ukalazimika kuficha na maji, na kimya chako kikakaribia kumtoa mtoto roho. Lakini nami nina langu. Dada yako aliposema anaumia, nilimwambia avumilie, nikakufundisha wewe pia kunyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kuanzia leo nyumbani kwetu anayeshindwa aseme, anayekosea aseme, na asiyejua aulize wanaojua."

"Sawa, mama." Sabra alitembea hatua chache akifikiri. "Basi mimi leo nimechoka, mama. Na kuna ndoo nzima ya vitambaa vya Raya."

Mama alimtazama, akaangua kicheko. "Umesema, nami nimesikia. Mansuri! We Mansuri! Ndoo yako inakungoja nyumbani!"