Mbuzi wa Mzee Gasper na Bili ya Maji

Katika nyumba ya Mzee Gasper, pale Tunduma, maji yalikuwa na tabia ya mgeni asiyepiga hodi. Yalikuja yalipotaka, yakaondoka yalipotaka. Watu wa nyumba ile walikuwa wamezoea kuyategea. Waliliacha wazi bomba la uani likiwa kavu, kisha chini yake wakaweka debe tupu lililopinduliwa. Maji yakija, debe lilipigwa kama ngoma, na aliyekuwa karibu alikimbia na ndoo.

Kazi ya kutega debe ilikuwa ya Ferista, msichana wa darasa la sita. Aliishi chumba cha kwanza na mama yake, Anastazia, ambaye alikaanga maandazi na kuwauzia madereva wa malori waliopanga foleni ya kuvuka kwenda Zambia. Chumba cha pili aliishi Mama Elina, mjane aliyefua nguo za madereva haohao. Mwenye nyumba, Mzee Gasper, aliishi ng'ambo ya ua na mbuzi wake mmoja, ambaye mzee alimjulia hali kila asubuhi kabla ya kuwajulia watu. Mita ilikuwa moja, na bili ikija waligawana. Mama Elina aliongeza kidogo kwa sababu ya kufua, wala hakuwahi kunung'unika.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane, nyumba nzima ilisafiri. Mzee Gasper alikuwa Mbozi akivuna kahawa yake, mbuzi amemwachia jirani. Mama Elina alikwenda Vwawa na kwaya. Ferista na mama yake walikuwa waende Ndalambo kwa bibi, wakalale huko na kurudi na maharage.

Alfajiri, kama kawaida, Ferista alifungua bomba. Hapakutoka hata tone. Akapindua debe, akaingia ndani kuoga kwa maji ya ndoo. Hata hajamaliza kuvaa, honi ikalia barabarani.

"Ferista, gari hilo. Likituacha tutakwenda kwa miguu," mama aliita.

Akatoka mbio, kiatu kimoja mkononi. Bomba kavu halina kelele, na lisilo na kelele husahaulika upesi. Kufika Ndalambo alikuta bibi amepika ugali na mboga za kila namna, na bomba likafutika kabisa kichwani mwake.

Jumapili jioni walirudi. Mama alisimama dukani kununua unga, Ferista akatangulia na mzigo wa maharage. Akiwa bado kwenye kona alisikia debe likilia, du-du-du-du, bila kupumzika. Akaanza kukimbia. Maji yalikuwa yamechimba mfereji kutoka bombani hadi kwenye ua wa miti wa Mzee Gasper, na kila kitu pembeni kilikuwa tope.

Alifunga bomba. Akachukua jembe, akafukia mfereji, akasawazisha. Mama alipoingia, aliutazama uwanja uliolowa.

"Umelimwagia vumbi maji?"

Ferista aliegemeza jembe ukutani. "Ndiyo, mama. Nimeona linapeperuka."

"Umefanya vizuri. Sasa umekuwa mkubwa," mama alisema. Sifa ile ilimchoma Ferista kuliko kofi.

Wiki mbili zilipita. Upepo wa Tunduma ulikausha kila jani la mtaa, isipokuwa mahali pamoja. Kutoka bombani hadi kwenye ua wa mzee, ulichipuka mstari wa nyasi laini, kijani kibichi. Mzee Gasper alipoona, alifurahi mno. Alimfunga mbuzi wake pale kila asubuhi na kuwaambia wapita njia kwamba mnyama yule ana baraka zake. Ferista alikuwa akipita bila kutazama.

Kisha bili ikaingia kwenye simu ya mzee. Mwezi uliopita ilikuwa elfu kumi na nne. Safari hii ilikuwa elfu arobaini na sita. Mzee alimwita fundi, fundi akakagua mabomba yote, hakuona palipovuja. Basi mzee akavua miwani, akaenda hadi kwa Mama Elina.

"Mama, sikugombezi," alisema, "lakini hapa anayefua ni wewe peke yako. Hiyo elfu thelathini na mbili iliyozidi itabidi uitafute. Na kuanzia leo, nguo za watu usifulie hapa uani."

Mama Elina hakubishana. Kesho yake, Ferista akitoka shule, alimkuta akipanda mlima kutoka kisimani, ndoo kichwani na dumu mkononi, kanga imelowa hadi kiunoni.

"Shikamoo, Mama Elina. Nikusaidie dumu."

"Marahaba, mwanangu. Asante." Alipumua kidogo. "Najiuliza nililimwaga wapi jimaji lote lile. Huenda ni mimi kweli. Mtu hujisahau."

Ferista alibeba dumu hadi mlangoni. Akaliweka chini, akaenda moja kwa moja jikoni, ambako mama yake alikuwa akikaanga.

"Mama, siye Mama Elina. Ni mimi." Akaeleza yote: bomba, honi, mfereji, jembe.

Mama aligeuza andazi moja, akageuza la pili. "Uliniambia umelimwagia vumbi maji."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikakusifu." Akaepua karai, akajifuta mikono. "Twende kwa mzee. Maneno haya si ya kuishia jikoni."

Mzee Gasper alikuwa amechuchumaa karibu na mbuzi wake. Ferista alipiga goti, akasalimu, akasema kila kitu tena. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu Mama Elina naye alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Alipomaliza, mzee alitazama nyasi, akamtazama mbuzi, aliyekuwa akitafuna bila wasiwasi.

"Kwa hiyo hizi nyasi..."

"Ni maji ya bili, babu."

"Na mimi natangaza baraka mtaa mzima," mzee alisema polepole. "Kumbe mbuzi anakula bili."

Mama Elina ndiye aliyeanza kucheka, kisha mama, na mwisho mzee mwenyewe. Lakini kicheko kilipokwisha, mzee alisimama, akamwendea Mama Elina. "Nilikuhukumu kabla sijauliza. Nisamehe, mama. Fulia hapa kama zamani."

Mama alileta kopo lake. Ndani mlikuwa na akiba ya karai kubwa, lile alilolitamani tangu Pasaka ili akaange maandazi mara mbili zaidi. Mzee alikataa kupokea yote. Alisema elfu saba atalipa mbuzi, maana nyasi alikula peke yake. Zilizobaki mama alizitoa, na kopo likabaki na sarafu za kuchezea.

Kuanzia siku hiyo Ferista aliamka nusu saa mapema kumsaidia mama kukaanga, kwa sababu karai dogo lilihitaji mikupuo mingi. Hakulalamika. Mama Elina naye alimpa kibanio kimoja cha nguo. "Ukifungua bomba, bana hiki kwenye kola yako. Usikitoe mpaka ulifunge," alimwagiza.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi karai kubwa lilinunuliwa. Jumamosi iliyofuata, Ferista na mama walipanda gari kwenda tena Ndalambo. Gari lilikuwa limeshaanza kuondoka mama alipomgusa shingoni. Kibanio kilikuwa pale pale kwenye kola.

"Simama, dereva," Ferista alisema, akaruka chini na kukimbia nyumbani kulifunga bomba.

"Tunachelewa, mama," dereva alinung'unika.

"Mngoje kidogo, baba. Ulizia bei ya kutomngoja."

Ferista alirudi akihema, kibanio mkononi. Alikaa akitazama chini kwa aibu.

"Nimesahau tena, mama."

"Kusahau nasi tunasahau," mama alisema, akimsogezea nafasi. "Ile bili ilitupotezea karai, na karai limerudi. Lakini siku uliyonidanganya, ni Mama Elina aliyepanda mlima na ndoo. Kosa likisemwa mapema hulipwa na aliyelifanya. Likifichwa, hulipwa na jirani. Leo umelisema mwenyewe, tena mbele ya gari zima."

Dereva alikanyaga mafuta. Walipopita mbele ya nyumba, Mzee Gasper alikuwa amesimama uani na mbuzi wake, akiutazama uwanja mkavu kwa masikitiko.