Ndiyo Ambayo Hakuiandika

Jumamosi ile soko la Majengo lilikuwa limefurika. Elieth, ndani ya gauni la kitenge cha bluu chenye maua ya njano, aliinama kwenye turubai la mlenda mkavu kuchukua fungu la mwisho. Mkono mwingine ulikuwa umeshafika.

"Dada, hilo nimeshalisemea." Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, viatu vyekundu kwa vumbi.

"Umelisemea kwa nani? Mbona mlenda wenyewe haujaitika?"

Mama muuzaji akacheka, akaligawa fungu mara mbili.

"Naitwa Methodi. Mwalimu. Kwetu Farkwa, kule Kondoa."

"Kumbe Msandawe. Hebu nipigie ule ulimi wenu."

Methodi akatamka neno lenye mlio kama kijiti kikavu kinapovunjwa. Elieth akajaribu, akaishia kutoa mate.

"Hapo umemtukana ng'ombe wangu," Methodi akasema.

Ndivyo walivyoanza. Ulikuwa mwaka 2004, simu za mkononi zimeshaenea mjini, na kila siku saa kumi na mbili jioni simu ya Elieth ililia.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula mlenda."

"Bila mimi?"

"Nimekuachia harufu."

Elieth alifanya kazi katika ofisi moja ya kumbukumbu za watumishi, akiingiza fomu za walimu kwenye kompyuta. Kila fomu ilihifadhiwa kama waraka wake peke yake, kwa utaratibu waliouita XML. Methodi naye alileta ya kwake. Swali moja lilikuwa tupu: je, yuko tayari kuhamishwa mkoa mwingine?

"Mbona hapa hujajaza?"

"Nikiandika hapana, wataniona mkaidi. Nikiandika ndiyo, wataniondoa kwako. Acha hivyo hivyo."

Elieth akaacha hivyo hivyo.

Baada ya wiki tatu, siku ya Jumatatu, simu ililia saa nne asubuhi.

"Elieth, umenifanya nini?"

"Nimefanya nini tena, mpenzi?"

"Nimepangiwa Kibondo. Orodha imebandikwa, na mbele ya jina langu wameandika niko tayari. Ndiyo. Nani kaandika?"

"Mimi sikuandika."

"Fomu nilikupa mkononi. Ungetaka niondoke ungeniambia tu, kuliko kunipitisha kwenye mashine."

Simu ikakatika. Elieth akapiga mara kumi na moja, haikupokelewa hata moja.

Akaufungua waraka wa Methodi. Jibu la swali lile halikuwamo. Akaiomba kompyuta imtajie walio tayari kuhama. Jina la Methodi likatokea, ndiyo. Akaufungua waraka tena. Jibu halimo.

Bwana Geofrey, mkuu wake, mzee wa suti za Kaunda, alimsikiliza akiwa amesimama. "Binti, mashine haina mkono. Umejaza wewe, umesahau. Barua za uhamisho zinatoka Ijumaa."

Jumanne Elieth hakula. Alipitia waraka mmoja baada ya mwingine mpaka macho yakavimba, na kila mara ikawa vile vile: ndani hakuna kitu, nje ndiyo. Alijifungia chooni akalia, ameziba mdomo kwa mtandio ili wenzake wasimsikie. Wa kumwamini alikuwa mmoja tu, naye hapokei simu.

Jumatano akamtunga mwalimu asiyekuwepo duniani, akamwita Tabu, swali la uhamisho akaliruka. Akaipakia fomu, kisha akauliza. Tabu naye ndiyo. Akaufuta waraka, akaupakia upya bila kuupitisha kwenye skima, yaani faili la sheria linalosema kila fomu iwe na nini. Safari hii Tabu hakuwa na jibu.

Akaifungua skima yenyewe, akaisoma mstari kwa mstari, kidole juu ya kioo. Pale kwenye uhamisho palikuwa pamewekwa difolti, yaani jibu la akiba: ndiyo. Kumbe kompyuta ilipousoma waraka ikiulinganisha na skima, kila palipokosa jibu ilijijazia hilo, kimya kimya, na faili la asili likabaki tupu.

Akamwita Bwana Geofrey, akamfanyia mbele ya macho yake mara mbili. Mzee akavua miwani. Skima ile aliipitisha yeye, kwa sahihi yake, bila kuusoma mstari huo.

"Wako wangapi?"

"Sitini na watatu."

"Futa mstari huo. Zipakie upya zote. Barua nitazizuia."

Alhamisi alasiri kazi ikaisha. Bwana Geofrey akaja na karatasi, akaiweka mezani taratibu.

"Nimewazuilia sitini na wawili. Huyu mmoja siwezi. Kaandika mwenyewe juzi, na imeshapita kwa mkurugenzi."

Ulikuwa mwandiko wa Methodi, wino wa bluu: niko tayari kwenda Kibondo mara moja.

Ijumaa asubuhi Elieth alimkuta stendi, sanduku lake la bati limeshafungwa kwenye keria ya basi la Nzega, njia ya kwenda Kibondo. Yeye Elieth alikuwa na gauni la jana, vifungo vimepishana.

"Sikuandika, Methodi. Ilijijaza yenyewe pale ulipoacha wazi. Watu sitini na watatu. Nimekuletea uone."

Methodi akazisoma karatasi zile polepole, kama anayesahihisha madaftari.

"Kwa hiyo hukutaka niondoke."

"Siku tatu silali, unaniuliza hivyo?"

"Mimi niliandika kwa hasira. Nikasema kama ananiona mzigo, nimpunguzie."

"Ungepokea simu."

"Ningepokea ningelia, na walimu wenzangu wananitazama."

"Nimemwomba mzee mpaka nikapiga magoti. Lazima uende. Miaka mitatu ndiyo uombe kurudi."

Konda akapita akigonga ubavu wa basi. "Wa Nzega, ndani."

"Umepewa siku ngapi za kuripoti?" Elieth akauliza.

"Kumi."

"Jumapili baba atakuwepo nyumbani kwetu Mkonze."

"Sina mshenga, Elieth."

"Mjomba wako wa Kondoa anafanya nini?"

"Analala."

"Mwamshe."

Methodi akamtazama. "Nikupose, halafu nikuache miaka mitatu?"

"Unipose, utangulie. Ombi la kukufuata nitalijaza mwenyewe, kila swali. Huko kuna nini, vumbi?"

"Mvua."

"Nitanunua buti."

Methodi akapanda keria mwenyewe, akafungua kamba huku konda akimnung'unikia. Elieth akalipokea sanduku kifuani. Lilikuwa zito, limejaa vitabu. Wakalishika huku na huku, wakatoka stendi, simu sikioni mwa Methodi ikiita Kondoa, ikiita, mpaka ikakatika.

"Piga tena," Elieth akasema.

Akapiga tena.