Bakuli la Chaza Ni la Nani?

Watu wa sokoni walimwita Mama Kisu. Si kwa sababu ya ukali, maana alikuwa mpole. Ni kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi kupasua chaza kuliko mkono wa mtu mwingine yeyote pale. Alishika gamba kwa kitambaa, akaingiza ncha ya kisu kifupi, akakizungusha kidogo, na chaza akafunguka.

Mumewe aliokota chaza kwenye mawe maji yalipokupwa. Mama mkwe wake aliwaosha na kuondoa matope. Wengi waliuzwa. Bakuli moja lilibaki nyumbani, na bakuli hilo lilikuwa la mume. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Wateja walisema chaza ni chakula cha wanaume, kinawatia nguvu, kisha wakakonyezana. Mama Kisu na mama mkwe walikula mkate na chai ya rangi.

Mama Kisu alikuwa mjamzito, na mimba ilikuwa ya miezi sita. Asubuhi moja kisu kilimponyoka. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho yakiona giza.

"Ni mimba hiyo," mama mkwe alisema huku akimpepea kwa mfuniko wa sufuria. "Hata mimi nilikuwa hivyo. Mimba zangu zote nilitembea nikishika ukuta."

"Kila mjamzito huwa hivi, mama?"

"Kila mmoja, mwanangu. Ndiyo kazi yenyewe."

Hata hivyo, Mama Kisu alikwenda kliniki. Nesi alimvuta ukope wa chini, akatazama ndani, kisha akamtoboa kidole kupima damu.

"Damu yako iko chini," nesi alisema. "Sitaki kukutisha, lakini sitakuficha. Ukijifungua na damu hii, kisha ukatokwa na damu nyingi, maisha yako yatakuwa hatarini. Na mtoto anaweza kuzaliwa mdogo. Bahati nzuri bado tuna muda. Unafanya kazi gani?"

"Napasua chaza."

"Unawala?"

"Hapana. Ni wa mume wangu."

Nesi aliweka kalamu chini. Hakucheka.

"Dada yangu, mwili hutengeneza damu kwa madini ya chuma. Chaza wana madini hayo. Wana vitamini B12, nayo inasaidia kutengeneza damu. Wana zinki nyingi sana, na mtoto aliye tumboni anaihitaji ili akue. Wana protini ya kujenga mwili. Hivi vyote vinapita mikononi mwako kutwa nzima, na wewe unakunywa chai."

"Wanasema ni chakula cha wanaume."

"Nani aliwaambia chaza wanachagua tumbo?"

Nesi akampa vidonge vya kuongeza damu. Akamwambia chaza hawachukui nafasi ya vidonge. Avimeze kila siku. Chai aiache wakati wa chakula, kwa sababu inazuia chuma kuingia mwilini. Anywe saa moja au mbili baadaye.

Nyumbani, Mama Kisu alimweleza mumewe yote. Mume alitazama bakuli lake tupu, na aibu ikamshika. Alimpenda mkewe. Hakuwahi tu kufikiri.

Sasa, mwanamume akiamua kusaidia, wakati mwingine husaidia hadi apitilize. Kesho yake alileta sahani iliyojaa chaza wabichi, na limau juu.

"Kula," alisema. "Mkate weka kando. Unajaza nafasi bure."

Mama Kisu alikula. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Kufika mchana alikuwa na njaa kali, akaketi tena juu ya ndoo. Mume akazidi kuhangaika. Alipomwona nesi akipita kwenda kwake, maana walikaa mtaa mmoja, alimkimbilia barabarani.

Nesi aliingia jikoni, akaitazama ile sahani.

"Kaka, nia yako ni nzuri, lakini umekosea mambo mawili," alisema. "La kwanza, hawa ni wabichi. Chaza hunywa maji ya bahari na kuyachuja, na vijidudu hubaki ndani yake. Mjamzito asile chaza wabichi hata siku moja. Limau haliui vijidudu. Moto ndio unaoua."

"Na la pili?"

"Umemnyima mkate. Bakuli dogo la chaza waliopikwa lina kalori kama mia moja hadi mia moja na sitini. Ni karibu sawa na vipande viwili vya mkate. Mjamzito anahitaji zaidi ya elfu mbili kwa siku. Atazipata wapi?"

Mume alijikuna kichwa. "Mimi nilidhani chakula chenye nguvu ni chenye nguvu."

"Fikiria nyumba," nesi alisema. "Chaza ni matofali na misumari. Mkate, wali, viazi na maharage ni chakula cha mafundi. Ukileta matofali bila kuwalisha mafundi, nani atajenga?"

Mama mkwe alicheka. Mume naye akacheka, kidogo.

Jioni ile walipika pamoja. Nesi aliwaonyesha. Kabla ya kupika, chaza aliyekuwa wazi na hakujifunga alipogongwa, walimtupa. Waliobaki waliwachemsha mpaka magamba yakafunguka, kisha wakawaacha wachemke dakika tano zaidi. Ambaye hakufunguka, naye wakamtupa. Nesi aliuliza pia wanaokota wapi. Mume alikiri kwamba mara nyingine huokota karibu na mtaro wa maji machafu, kwa kuwa pale ni karibu. Nesi alisema chaza wa pale huuchuja uchafu huo na kubaki nao ndani. Mume akasema hataokota pale tena, hata kwa wateja.

"Na si kila siku," nesi alimwambia Mama Kisu. "Mara moja au mbili kwa wiki, pamoja na viazi au wali, mboga za majani na chungwa. Chungwa husaidia chuma kuingia. Siku nyingine kula maharage, mayai au samaki. Ukiwala ukaona mwili unawasha au midomo inavimba, acha kuwala na uje kliniki haraka."

Mwezi uliofuata damu ilikuwa imepanda. Uliofuata ikapanda zaidi. Kisu hakikumponyoka tena. Siku ya kujifungua ilipofika, Mama Kisu alipata mtoto wa kike, mzito, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alirudi nyumbani akitembea mwenyewe.

Jioni hiyo mume alipika. Alimpakulia mkewe kwanza. Kisha akajaza bakuli jingine, akaliweka mbele ya mama yake.

"Mimi?" mama mkwe aliuliza.

"Wewe, mama."

Yule mama alikuwa ameosha chaza tangu usichana wake. Aliokota mmoja kwa vidole, akamtafuna polepole. Machozi yakamlengalenga, na hakuyaficha.

"Nilishika kuta mimba zote saba," alisema. "Nilidhani ndiyo kazi yenyewe."

Akamtazama mjukuu wake aliyelala mapajani mwa Mama Kisu. Kisha akalivuta bakuli karibu, akala.